Kompyuta ya mtumba: usiishie kwenye "i5"

Utauliza bwana shamba na prosesa wapi na wapi. Ni hivi: hela ya ufuta imeingia, na vikundi viwili hapa Ndalambo vimeniuliza kuhusu kompyuta ya mezani ya kutunzia hesabu. Vyote vinakwenda kununua mtumba Tunduma. Muuzaji atakuambia "hii ni i5", basi. Hapo hajakuambia kitu.

Ichukulie kama mfuko wa mbegu ya mahindi. SC 403 na SC 719 herufi ni zilezile, lakini ile ya 4 inakomaa mapema na ile ya 7 inachelewa. Prosesa za Intel nazo, soma tarakimu baada ya kistari. i5-2400 ni kizazi cha pili, ya mwaka 2011. i5-3470 ni cha tatu, i5-4590 cha nne, i5-6500 cha sita, i5-8500 cha nane, ya 2018. Ikiwa na tarakimu tatu tu, kama i5-650, ni kizazi cha kwanza. Hiyo mimi sibebi hata kwa bei ya kuku. i5-10400 ni cha kumi.

Usitishwe na "i7". i3-8100 ya kizazi cha nane inaishinda i7-2600 ya kizazi cha pili kwa kazi nyingi, na umeme inakula kidogo, jambo la maana kwako wewe wa sola. Pia ile "G" ya kwenye makasha ya HP siyo kizazi cha prosesa: ProDesk 600 G1 ina kizazi cha nne, G2 cha sita.

Stika hubanduliwa ikabandikwa kwingine. Mwambie awashe, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika dxdiag, usome mstari wa prosesa.

Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa Oktoba 2025. Kwa daftari la mauzo lisilogusa intaneti, cha nne au cha sita kinatosha. Kwa wakala wa fedha, nasema cha nane. Na fundi akikuahidi "utabadilisha prosesa baadaye", kumbuka ya kizazi cha nane haikubali kwenye bodi ya cha sita.

Kabla ya kulipa, piga picha ule mstari unitumie.