Mwawule wa Naluwerere

Mwanangu, wewe umeikuta barabara ya Jinja kwenda Kamuli ikiwa na lami, na Buwenge kwako ni mahali pa kushukia bodaboda na kununua vocha ya simu. Ujana wetu uliikuta ikiwa ya vumbi jekundu, na lori la miwa ya Kakira likipita, nguo zilizoanikwa zilirudishwa karaini bila mtu kuuliza. Baba yangu alilima pamba, na pamba ilipokosa wanunuzi akahamia miwa. Mimi sikulitaka jembe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilipanda lori la ndugu yake mama nikiwa tanboi, yaani utingo, likanifikisha Mombasa, na huko ndiko nilikookota Kiswahili hiki ninachokuandikia. Nyumbani wengi walikiogopa, kwa kuwa walikisikia kwanza vinywani mwa askari, na askari wa enzi zile hakuja kwako kukujulia hali. Njia ile ilinikutanisha na watu wa kila sampuli. Ninayetaka umjue ni mmoja, mzaliwa wa Buwenge kama sisi, kasisi wa Kanisa la Uganda, aliyeyatumia maisha yake yote ya kazi kwa madereva wa malori. Jina lake siliandiki, maana watoto wake wapo na sijawaomba ruhusa. Sisi tulimwita Mwawule, kama Wasoga wanavyowaita makasisi wao.

Kituo chake kilikuwa Naluwerere, kando ya Bugiri, kwenye njia kuu itokayo Malaba. Ili uelewe kwa nini hapo, yakupasa kuijua safari yenyewe. Tulipakia Kilindini, tukapanda Mariakani, Voi, Mtito Andei, tukaivuka Nairobi usiku, tukateremka Naivasha, tukapanda tena hadi Eldoret kwenye baridi inayouma masikio, kisha Malaba, ambako lori lililala hadi makaratasi ya forodha yakubaliane. Tukiingia Uganda tulibeba chumvi, sabuni, nguo, mafuta. Tukitoka tulibeba kahawa, na ile ya miteremko ya Elgon iliyotoka Mbale ilinukia vizuri hata ndani ya gunia. Amin alikuwa amewafukuza Wahindi mwaka 1972, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa mwaka 1977, viwanda vya Jinja vikawa vinakohoa, na kijiti cha kiberiti kikawa kitu cha kusafirishwa kutoka mbali. Kwa hiyo mtu aliyefika Naluwerere jioni alikuwa amechoka, ana fedha mfukoni, na hana anayemjua. Biashara zote za pale zilikaa juu ya mambo hayo matatu. Palinukia breki zilizoungua, dizeli, samaki wa kukaanga na pombe ya ulezi inayonyonywa kwa mirija mirefu. Wasichana waliketi kwenye milango ya loji wakisukana nywele, wakisoma namba za malori kabla hayajasimama.

Mwawule alikodi chumba kimoja chenye baraza. Juu ya baraza palikuwa na benchi refu, birika jeusi kwa masizi, na daftari la shule lenye jalada la bluu. Alikuwa mtu mfupi, mwenye pengo la meno ya mbele na koti la kijivu lililonukia sabuni ya mche hata siku za vumbi. Hakusimama njiani kuwaita watu. Ukipita alikuamkia, ukiketi alikumiminia chai ya rangi yenye tangawizi, na baada ya chai alilifungua daftari. Aliliandika jina lako, namba ya lori, kijiji chenu, na mtu wa kuarifiwa. Neno hilo la mwisho liliwaudhi madereva wengi, wakasema anawatabiria kifo. Yeye alijibu kwamba mwenye lori anajua gari lake liko wapi kila siku, basi si vibaya na mtu naye akajulikana aliko. Safari ya pili alikuuliza kama yule mtoto aliyekuwa na surua alipona. Hapo ndipo wengi walipokamatika, kuliko kwa mahubiri.

Mahubiri yenyewe yalikuwa mafupi kupita ya kasisi yeyote niliyewahi kumsikia. Lori kubwa lina breki za upepo, na asubuhi ukiliwasha huwezi kuondoka hadi mtungi ujae. Unangoja huku injini inanguruma na mshale wa geji unapanda polepole. Mwawule aliupima muda huo akauchukua. Saa kumi na moja alfajiri, mvua au kiangazi, alisimama katikati ya malori, akasoma aya chache, akasema neno moja juu ya aya hizo, akaomba. Mshale ukifika, amina. Waislamu, wengi wao watu wa pwani na Wasomali, aliwawekea mkeka na kopo la maji upande wa pili wa baraza, wala sikumwona hata siku moja akiwavuta waje upande wake. Watu wa pwani walimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa lafudhi ya Kisoga iliyowachekesha. Zawadi alipokea: mche wa sabuni, chumvi, nazi mbili kutoka Mariakani. Dizeli hakupokea. Dereva mmoja alimletea kibuyu cha mafuta aliyoyanyonya kwenye tangi, akasema ni ya taa ya Bwana. Mwawule akamwambia Bwana anaweza kukaa gizani, lakini mafuta hayo yana mwenyewe.

Mwaka 1987 ndio uliotuonyesha faida ya benchi lile. Mwezi Mei serikali ya Museveni, iliyokuwa haijatimiza miaka miwili, ilikata sufuri mbili kwenye fedha na kutoza asilimia 30 ya noti zilizobadilishwa. Kabla ya hapo sahani ya matoke na samaki ilihesabiwa kwa maelfu, ukala haraka kabla bei haijapanda. Baada ya hapo dereva aliyekuwa na bunda la nauli za watu alilihesabu upya na kuketi chini. Miezi michache baadaye waasi wa Alice Lakwena walishuka kutoka kaskazini, wakapita Busoga, wakafika hadi Magamaga, karibu kabisa na Jinja, ndipo jeshi likawavunja. Desemba askari wa Kenya na wa Uganda wakafyatuliana risasi Busia, mpaka ukafungwa. Simu hazikuwapo. Habari zilipita kwenye benchi la Mwawule: aliyetoka Tororo aliacha neno kwa anayekwenda Tororo, na barua zilibanwa kati ya kurasa za daftari kwa mpangilio wa vijiji. Mama yako mkubwa alijua niko hai kwa kikaratasi kilichotoka Naluwerere na kupokelewa Buwenge na mchuuzi wa samaki.

Kisha ugonjwa wa UKIMWI ukatuingia sawasawa. Tuliuita silimu, kwa jinsi ulivyomkondesha mtu. Njia yetu ililaumiwa kuliko zote, na lawama hiyo ilikuwa na ukweli wake. Lakini lawama haimlishi mgonjwa uji. Nakumbuka dereva mmoja wa Mariakani, mcheshi, mpenda manukato, aliyeanza kukohoa na kupungua safari kwa safari. Mara ya mwisho alishushwa Naluwerere na begi lake, lori likaendelea na dereva mwingine. Loji ikamkataa. Mwawule akampa kitanda chake, yeye akalala barazani, na wanawake wawili wa vilabuni, ambao kanisani wangeoneshwa kiti cha nyuma, walikuja kwa zamu kumsafisha na kumpikia uji wa mtama. Alipokata roho usiku, Mwawule alipanda baiskeli kwenda kumgongea shehe wa Bugiri, na kabla ya adhuhuri mtu yule alikuwa ameoshwa, ameswaliwa na kuzikwa kwa desturi ya dini yake. Daftari likatoa jina la mama yake. Nilimpelekea mimi begi, saa ya mkononi na fedha zilizokuwa zimehesabiwa na kuandikwa hadi senti. Mama yule alinusa shati la mwanawe kwa muda mrefu, akauliza nani aliyemwosha. Nikamwambia. Akauliza yule padri alipata nini. Nikamjibu kwamba nijuavyo mimi hakupata kitu.

Mambo yalibadilika kidogo kidogo. Mwaka 1987 huohuo Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mume, alianzisha na wenzake shirika la TASO Kampala, na baadaye likafungua milango Jinja na Mbale. Mwaka 1989 mwimbaji Philly Lutaaya alirudi kutoka Sweden akatangaza hadharani kwamba anao, akafa Desemba ya mwaka huo. Mwaka 1992 Gideon Byamugisha, kasisi wa kanisa letuletu, alisema waziwazi kwamba ana virusi, na hapo nilimwona Mwawule akitabasamu kama mtu aliyeshushiwa mzigo. Ofisa wa afya alipoleta kasha la kondomu, waumini walinung'unika. Mwawule aliliweka chini ya benchi, akasema benchi lina juu na chini, kila mtu anajua anachohitaji. Dawa za bure zilipokuja, mwaka 2004 na kuendelea, ni daftari lile lililosaidia kuwatafuta walioacha kwenda kliniki, maana aliyehama kutoka Mbale hadi Mlolongo bado alikuwa ameandikwa mahali fulani.

Wakubwa wake walitaka kumpa parokia kubwa, yenye nyumba ya mabati mapya na waumini wasioondoka alfajiri. Alikataa zaidi ya mara moja, na wenzake aliosoma nao wakawa makanoni naye bado anachemsha chai. Nilimsimulia juu ya Mission to Seafarers, wanaohudumia mabaharia tangu 1856 na ambao nyumba yao niliiona Mombasa. Miaka ya baadaye nikasoma kwamba huko Kanada mhubiri Jim Keys alianzisha mwaka 1951 huduma ya madereva wa malori, na kwamba Marekani yapo makanisa ndani ya trela kwenye vituo vya mafuta. Nilidhani atafurahi na kutaka gari. Akasema mabaharia na madereva wamekwisha kuwa na vyombo vya kutosha vya kwendea. Wanachokosa ni mtu wa kumkuta palepale.

Corona ilipokuja mwaka 2020 alikuwa amestaafu, yuko hapa Buwenge na mahindi yake. Madereva wakawa tena watu wa kukimbiwa: foleni ya Malaba ikarudi nyuma kilomita nyingi ndani ya Kenya wakingoja kupimwa, wenye maduka wakakataa kuwauzia hata maji, na kila jioni redio ilisoma idadi yao kama idadi ya wahalifu. Mzee aliazima miwani ya mkewe, akalitoa daftari la mwisho, akawapigia simu mmoja baada ya mwingine, akiwauliza wamekula nini. Nilikuwa namnunulia muda wa maongezi, na ulikwisha haraka.

Siku hizi vijana wa kanisa hunijia wakitaka kuifufua kazi ile. Huwa na mpango uliopigwa chapa, na ndani yake mna gari, vipaza sauti na fulana. Nawaambia waanze na benchi, birika na daftari, kisha watafute mtu asiyeomba uhamisho. Vitatu vya kwanza vinapatikana sokoni kwa bei ya mbuzi mmoja. Huyo wa nne wakimpata, wahakikishe mshahara wake hauchelewi. Wa Mwawule ulichelewa miaka yote.