Dereva Mgeni Katika Robo Maili ya Santa Pod

Kilomita zipatazo 100 kaskazini ya jiji la London, katika jimbo la Bedfordshire nchini Uingereza, kipo kijiji kidogo kiitwacho Podington. Nje ya kijiji hicho, katikati ya mashamba, imenyooka barabara pana isiyokwenda mji wowote. Haina kona wala njia panda. Mwanzo wake ni mstari, na mwisho wake ni mstari mwingine ulio umbali wa mita 402, yaani robo maili. Mahali hapo huitwa Santa Pod. Magari mawili husimama sambamba, taa huwaka, na kila dereva hujitahidi kuufikia mstari wa mwisho kabla ya mwenzake.

Msomaji aliyezoea habari za Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na kupita katika vumbi na matope ya Kenya, Uganda na Tanganyika, ataona ajabu kwamba mtu hujiandaa kwa wiki nzima kwa ajili ya safari ya sekunde 16 au 17. Hata hivyo, robo maili hiyo ina mafunzo yake, na la kwanza limo katika historia ya mahali penyewe.

Barabara ya Santa Pod haikujengwa kwa ajili ya michezo. Ilikuwa njia ya kurukia ndege za vita. Kuanzia Septemba 1943 hadi mwaka 1945, kikosi cha 92 cha jeshi la anga la Marekani kilirusha kutoka hapo ndege za B-17 zenye injini nne, kwenda kupiga mabomu katika Ulaya iliyokuwa mikononi mwa Ujerumani. Vita vilipokwisha, njia hiyo ilibaki bila kazi.

Wakati huo huko Marekani vijana wengi walikuwa wakinunua magari makuukuu, wakiyaongezea nguvu na kushindana katika barabara za watu wote. Mwaka 1950 ulifunguliwa uwanja wa mbio hizi katika kiwanja cha ndege cha Santa Ana, California. Mwaka uliofuata Wally Parks alianzisha chama cha taifa, NHRA, kwa shabaha ya kuutoa mchezo huo mitaani na kuuweka chini ya sheria. Nchini Uingereza mtengenezaji wa magari Sydney Allard, aliyekuwa ameshinda mbio za Monte Carlo mwaka 1952 kwa gari alilolitengeneza mwenyewe, alisaidia kuwaleta mabingwa wa Kimarekani mwaka 1964. Santa Pod ilifunguliwa wakati wa Pasaka mwaka 1966. Jina lake ni la kuunganisha: Santa ya Santa Ana, na Pod ya Podington.

Kwa hiyo kiwanja hiki ni jibu la swali gumu: kijana apendaye mwendo wa kasi apelekwe wapi ili asimwue mtoto wa mwenziwe njiani? Ndiyo sababu, mbali na siku za mabingwa, huwekwa siku ambazo mwananchi wa kawaida huruhusiwa kukimbiza gari lile lile alilokuja nalo.

MATAYARISHO YA NYUMBANI

Dereva mgeni hudhani kwamba jambo la kwanza ni nguvu ya injini. Sivyo. Jambo la kwanza ni kusimama. Gari la kawaida la familia laweza kufika kwenye mstari wa mwisho likiwa katika mwendo wa kilomita 130 au 140 kwa saa. Kabla ya jambo lolote, basi, breki zikaguliwe na fundi. Hata mabingwa hawakuepushwa na somo hili. Mwezi Juni 2008 dereva Scott Kalitta alifariki huko Englishtown, New Jersey, baada ya gari lake kupita mwisho wa njia ya kusimamia. Wiki chache baadaye magari ya daraja la juu nchini Marekani yalipunguziwa mwendo kutoka robo maili hadi futi 1,000, yaani mita 305, ili yapate nafasi zaidi ya kusimama.

Baada ya breki huja matairi, upepo wake na nati za magurudumu. Betri ifungwe imara. Mafuta na maji ya rejeta yaangaliwe, na kama pana mahali panapovuja pazibwe, kwa kuwa tone moja la mafuta chini ya tairi la mwingine laweza kuleta maafa. Jeki, spana, tairi la akiba, mazulia ya miguuni, chupa na vitu vya watoto vyote vitolewe. Kitu kidogo kikiteleza chini ya kanyagio la breki, hapana tena breki.

Dereva mwenyewe achukue leseni yake ya udereva na kofia ngumu ya kichwani. Avae nguo zinazofunika mikono na miguu, na viatu vilivyofungwa vizuri. Yafaa pia asome mkataba wake wa bima, kwani mara nyingi bima ya barabarani haihusiki na uwanja wa mbio. Chakula, maji ya kunywa na koti la mvua visisahauliwe. Mvua ikinyesha mbio husimamishwa, na mwenye subira hungoja njia ikaushwe.

PENYE TAA

Afikapo uwanjani dereva huonyesha leseni, hutia sahihi karatasi ya kukubali masharti, kisha hupanga foleni. Mbele yake, kabla ya mstari wa kuanzia, ataona mahali palipomwagiwa maji. Hapo wenye matairi maalumu huyazungusha mpaka yatoe moshi ili yapate joto na kushika njia. Mwenye matairi ya kawaida apite kando. Mifereji ya matairi yake itabeba maji hayo hadi mstarini, na gari litateleza badala ya kuondoka.

Katikati ya njia mbili umesimama mlingoti wa taa uitwao Mti wa Krismasi, uliobuniwa Marekani mwaka 1963. Juu kabisa mna taa ndogo za kumjulisha dereva mahali alipo. Ya kwanza humwambia kwamba amekaribia, na ya pili kwamba gurudumu la mbele limefika hasa mahali pake. Asogee polepole, kidogo kidogo. Kisha taa tatu za manjano huwaka moja baada ya nyingine, kila moja kwa nusu sekunde, halafu kijani. Atakayeondoka mapema huwashiwa nyekundu.

Jambo linalowashangaza wageni ni hesabu ya saa. Saa ya gari huanza kuhesabu pale gurudumu linapoondoka mahali pake, wala si pale taa ya kijani inapowaka. Tuseme gari la kwanza humaliza njia kwa sekunde 16.0, lakini dereva wake alichelewa kuondoka kwa sekunde 0.9. La pili humaliza kwa sekunde 16.5, lakini dereva wake alichelewa kwa sekunde 0.3 tu. La pili hufika kwanza, kwa tofauti ya sekunde 0.1, ingawa ndilo zito. Hapo macho na utulivu vimeishinda injini.

Akivuka mstari wa mwisho, dereva aondoe mguu kwenye mafuta taratibu, abaki katika njia yake, wala asikate mbele ya mwenzake. Gari likimyumbisha kabla ya hapo, aache mbio, hakuna aibu. Baadaye hupewa karatasi yenye nyakati zake. Hiyo ndiyo zawadi ya siku ya kwanza, na safari ya pili aishindanishe na karatasi hiyo, si na jirani aliyekuja na gari kubwa.

Jioni vitu vyote hurudishwa garini, nati za magurudumu hukaguliwa tena, na safari ya nyumbani huanza. Hapa ndipo penye mtihani wa kweli. Njia ya kurudi ina kona, waendesha baiskeli na watoto, wala haina mlingoti wa taa wa kuwaondoa watu mbele yake. Gari hilo hilo ndilo litakalompeleka kazini Jumatatu. Dereva aliyeelewa somo la Santa Pod huiacha kasi yake pale pale, katika zile mita 402 alizopewa. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka; naye aliyefika salama nyumbani kwake anajua kwamba hata mbio zina mahali pake.