Rimu ya Lori na Siku Arobaini

Jioni ya Alhamisi Kuu, Utukufu ukishaimbwa, rimu ya lori inayoning'inia kwenye mwembe nyuma ya kanisa haigongwi tena mpaka usiku wa Jumamosi. Ni desturi ya Kanisa kunyamazisha kengele siku hizo, na katika kigango hiki cha Msangano, bondeni wilayani Momba, kengele ndiyo hiyo rimu. Zamani ikinyamaza, kijiji kizima kilipoteza saa. Iligongwa alfajiri, adhuhuri na jioni kwa sala ya Malaika wa Bwana, na hata wasiosali walipanga mambo yao kwa mlio wake: kwenda shamba, kuteleka ugali, kurudisha mbuzi. Mlevi mmoja aliwahi kuja Ijumaa Kuu mchana kuuliza kama kuna msiba mkubwa ambao yeye hajaambiwa. Alijibiwa kwamba upo.

Siku hizi ikinyamaza, wachache ndio wanaogundua. Simu zinalia mifukoni.

Anayesimulia haya ni mzee ambaye kijiji chote humwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki darasani. Huko vijijini katekista ndiye mwalimu, na yeye aliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi kabla ya kuwaachia vijana. Alizaliwa miaka kumi kabla ya Uhuru. Bila kuhama Msangano amekuwa mtu wa Mbozi katika Mkoa wa Mbeya, kisha mtu wa Momba wilaya hiyo ilipoanzishwa 2012, kisha mtu wa Songwe mkoa ulipogawanywa 2016. Ukimwuliza nini kimebadilika zaidi katika maisha yake hatataja hayo. Atasema Kwaresima.

Kwaresima ya kwanza anayoikumbuka vizuri ilikuwa ya njaa. Si njaa ya kufunga, njaa yenyewe. Kusini hii mvua huanza Novemba na kuisha Aprili, mavuno yanafuata, na siku arobaini za kanisa huangukia palepale ghala linapokaribia kukwanguliwa. Februari na Machi familia nyingi zilikula majani ya maboga, mahindi mabichi machache ya mapema, na uji mwepesi wa ulezi uliobaki. Padri alipofika kwa pikipiki na kufundisha kwamba Ijumaa watu wasile nyama, wazee walitikisa vichwa kwa adabu. Nyama gani? Kuku alichinjwa kwa mgeni, ng'ombe kwa harusi au msiba. Mama yake Mwalimu alikuwa na neno lake la kila mwaka, kwamba Mungu wa Wazungu ana bahati kukuta Wanyamwanga wameshafunga kabla hajaagiza.

Mwalimu hucheka akilikumbuka, kisha hunyamaza kidogo. Anasema ndiyo sababu kizazi chao hakikujivunia kufunga. Huwezi kujivunia kuacha kitu usichokuwa nacho. Walichoweza kuacha kwa hiari kilikuwa kimoja: kimpumu, ile pombe ya ulezi. Jumanne kabla ya Majivu vyungu vilimalizwa kwa bidii kubwa, na alfajiri ya Jumatano wanaume walipanga foleni wakiwa na macho mekundu ili wapakwe majivu ya matawi ya mwaka uliopita. Matawi hayo yalikuwa ya ukindu kutoka mtoni. Kila nyumba iliyachomeka juu ya mlango tangu Jumapili ya Matawi, yakakauka humo mwaka mzima kwa moshi wa jikoni, hata yalipokusanywa kuchomwa yalikuwa nusu majivu tayari.

Sheria yenyewe ilibadilika akiwa kijana. Februari 1966 Papa Paulo VI alitoa hati ya Paenitemini iliyopunguza siku za lazima za kufunga zikabaki mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na kuwaachia maaskofu wa kila nchi nafasi ya kupanga mengine. Miaka hiyohiyo misa ilitoka kwenye Kilatini ikaingia Kiswahili. Kwa watu wa bonde, habari ya Kilatini kuondoka ilikuwa kubwa. Habari ya kufunga haikuwa habari. Njaa haikupokea hati.

Na rimu? Rimu ilifika katika miaka hiyo pia, na hadithi yake Mwalimu huisimulia kwa furaha. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilikatiwa njia yake ya kusini ya mafuta. Malori yakaanza kubeba mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam hadi ng'ambo ya mpaka wa Tunduma kwenye barabara ya vumbi na matope ambayo madereva waliibatiza jina la Jehanamu. Mengi hayakufika. Yalipinduka, yakaachwa kando, yakang'olewa kidogo kidogo. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipoanza kazi 1968 barabara ilipumua, lakini mabaki yalikuwa yametapakaa. Mjomba mmoja aliyekuwa akienda Tunduma kuuza karanga alirudi na rimu juu ya baiskeli, akaisukuma siku mbili. Kabla yake watu waliitwa kanisani kwa ngoma. Basi tangu hapo, Mwalimu anasema, chuma cha Jehanamu ndicho kinachowaita watu kusali.

Kati ya 1973 na 1976 Operesheni Vijiji iliwatoa watu kwenye maboma yaliyotawanyika ikawapanga kwenye mistari ya nyumba. Wapo waliohama wakilia. Kwa kigango, hata hivyo, jambo moja lilirahisika: majirani sasa walikuwa majirani kweli. Wakati huohuo maaskofu wa Afrika Mashariki waliokutana chini ya shirikisho lao, AMECEA, mwaka 1973, na tena 1976, waliamua kwamba Kanisa lijengwe kwenye jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Watanzania waliokuwa wamezoea mabalozi wa nyumba kumi hawakuhitaji maelezo marefu. Jumuiya ilikuwa nyumba kumi yenye rozari.

Hapo ndipo Kwaresima ya Msangano ilipopata mikono. Kila Ijumaa alasiri Njia ya Msalaba ilitembezwa nyumba kwa nyumba, vituo kumi na vinne katika nyua za watu: kituo cha kwanza kwa mwenyekiti, cha tano kwa fundi baiskeli, cha kumi na mbili kwa mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani ili naye asikie. Kila Jumamosi jumuiya iliingia shambani kwa mtu mmoja. Ilikuwa palizi ya mpunga na mahindi, na waliopaliliwa ni wajane, wagonjwa, na wale ambao mwanamume wa nyumba alikwenda kutafuta kazi Copperbelt, Zambia, akakawia kurudi. Hakuna aliyeandika jina. Mwisho wa Kwaresima, mpunga ukianza kutoa mashuke, watoto wa Utoto Mtakatifu walipewa zamu ya kuamia ndege kwenye mashamba hayohayo, nao waliipenda kazi hiyo kuliko katekisimu.

Mwalimu anaweza kutaja mpaka leo shamba lipi lilipaliliwa mwaka upi. Sala za wakati huo hazikumbuki hivyo, na anakiri.

Kuna mwaka mito ilifurika padri akakwama upande wa pili kwa siku tatu za Juma Kuu. Watu walikuwa wamesubiri kitubio cha Pasaka. Ijumaa Kuu Mwalimu aliongoza ibada peke yake, wakabusu msalaba wa mti wa mninga uliochongwa na seremala wa kijiji, wakaimba bila ngoma wala kayamba, kwani vyote hivyo huning'inizwa ukutani tangu Majivu. Badala ya rimu, wavulana walizunguka kijiji wakigonganisha vibao viwili vya mbao. Jumapili jioni padri alivuka kwa mtumbwi, viatu vimefungwa shingoni, akasikiliza maungamo hadi usiku wa manane kwa taa ya chemli. Wengine walimwungamia kwamba walikuwa wamemkasirikia.

Halafu kuna igizo la mateso. Lilianza miaka ya themanini, vijana walipotaka Ijumaa Kuu iwe na kitu cha kutazama. Kofia za askari wa Kirumi zilikatwa kwenye maboksi ya sabuni, mikuki ni mianzi, Pilato alinawa kwenye karai la kuogeshea watoto. Shida ilikuwa Yuda. Aliyekubali kuigiza Yuda mwaka wa kwanza aliitwa Yuda hadi mavuno, na alipokwenda kuchumbia, baba wa binti alitaka kwanza jina lake la ubatizo. Tangu hapo nafasi hiyo hupigiwa kura ya siri.

Ng'ambo ya kijito wako Wamoravian. Kanisa lao lilifika Mbozi mwaka 1899, na Juma la Mateso kwao ni la kukusanyika kila jioni kusomewa habari za siku za mwisho za Bwana. Alfajiri ya Pasaka huenda makaburini kulisubiri jua, ibada iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732. Wakatoliki waliotoka kwenye Mkesha wakiwa na usingizi waliamshwa na nyimbo za majirani zao zikipanda kutoka makaburini, na wengi waliinuka wakaenda, kwa sababu waliozikwa pale walikuwa ndugu zao vilevile. Mwalimu huenda kila mwaka. Hajawahi kuomba ruhusa ya paroko, na paroko hajawahi kuuliza.

Kuanzia wapi mambo yaligeuka? Yeye anataja mpunga. Mchele wa bondeni ulipopata bei, na wanunuzi wakaanza kuja na magari kutoka Tunduma hadi shambani, miezi ya njaa ilifupika. Hilo ni jambo jema na hakuna anayelilia. Watoto wake hawakujua uji wa Machi. Lakini kilimo cha kuuza kina kalenda yake: palizi ikawa kibarua cha kulipwa, dawa ya magugu ikaingia madukani, na Jumamosi ikawa siku ya gulio. Mtu aliyezoea kutoa mkono akaanza kutoa noti. M-Pesa ilipoanza nchini 2008 na mtandao kufika bondeni, hata noti haikuhitaji kubebwa. Wanajumuiya waliohamia Tunduma kufungua maduka wakaanza kutuma mchango wa Kwaresima kwa simu, na bahasha zenye majina na namba zikachukua nafasi ya majembe.

Kwa hesabu, mfuko wa Kwaresima wa sasa unashinda wa zamani mara nyingi. Umelipa matibabu, sare za shule, mabati ya mjane mmoja. Mwalimu huyasema hayo kwanza, kabla hujamwuliza, kama mtu anayeogopa kuitwa mlalamishi. Kisha husema kwamba mjane yule alipata mabati na shamba lake likaliwa na magugu, kwa sababu fedha za kibarua zilitajwa kwenye kikao kisha zikasahauliwa. Kosa la nani? La kikao. Na kikao ni wote.

Habari nazo zilibadili mwendo. Ujumbe wa Kwaresima wa maaskofu ulikuwa unafika kama kijitabu, wakati mwingine baada ya Pasaka. Ule wa Februari 2018, ambamo Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lilizungumzia pia hali ya siasa nchini, ulifika Msangano kwa WhatsApp kabla haujasomwa altareni. Vijana walimwonyesha Mwalimu kwenye kioo. Aliomba wamsomee wote, akawaambia waurudie. Miaka miwili baadaye, Kwaresima ya 2020 ikiwa katikati, ugonjwa wa korona ulitangazwa nchini Machi, shule zikafungwa, na ndoo za maji na sabuni zikawekwa mlangoni mwa kanisa. Njia ya Msalaba ilisaliwa nyumbani. Ilipoanza kutembezwa tena, baadhi ya nyua hazikurudi kuwa vituo.

Harusi ni ugomvi mwingine. Zamani hakuna aliyetaka kuoa Februari, chakula hakikuwepo. Sasa fedha ipo miezi yote, na kila mwaka kamati moja ya harusi humwendea katekista mpya na kadi zilizokwisha kuchapishwa. Majadiliano huwa marefu. Hata kinanda cha umeme wa jua kina watetezi wake, na si Jumapili zote za Kwaresima kinapobaki kusindikiza uimbaji tu kama kanuni inavyotaka.

Machi 2025 mwanzo wa mfungo wa Ramadhani na Jumatano ya Majivu viliachana kwa siku chache tu. Mwanawe Mwalimu, mwenye kibanda sokoni Tunduma, alifunga akiwa jirani na muuza nguo Mwislamu, na jioni walikula futari pamoja kwenye benchi moja. Alimpigia baba yake simu kumweleza. Mwalimu akamwuliza kama walikula samaki au nyama, maana ilikuwa Ijumaa.

Yeye mwenyewe sheria haimbani tena kufunga. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa 1983 unaweka mpaka wa kufunga kwenye mwanzo wa mwaka wa sitini, naye aliuvuka zamani. Bado anakula mlo mmoja siku zile mbili. Anasema sasa ndipo anafunga kwa mara ya kwanza, kwa kuwa ndani kuna unga.

Rimu imepata ufa upande mmoja na mlio wake umekuwa wa kukwaruza. Halmashauri ya kigango imetenga fedha za spika. Mwaka 2027 Jumatano ya Majivu ni tarehe 10 Februari, wakati mpunga unahitaji palizi, na shamba la mjane wa mabati liko hatua chache kutoka kwenye mwembe. Mwalimu ameshanoa jembe lake; anatafuta wa kwenda naye Jumamosi.