Moshi Haungojewi kwa Subira



Miaka michache iliyopita tulimzuru binti wa ndugu yetu, aliyeolewa Nairobi, mtaa wa Makina, Kibera, kwa Wanubi. Nyumba yao ni chumba kimoja. Pazia ndilo linalotenga kitanda na meko. Magharibi ilipoingia alifunga mlango kwa ajili ya baridi na stara, akawasha jiko la makaa. Macho yetu yalitiririka machozi, na mtoto wake akakohoa hadi Isha.

"Ami," alituambia, "mwambie mume wangu anunue mtungi wa gesi."

Mumewe aliuogopa mtungi, na fedha za kuujaza kwa mara moja zilimshinda. Nasi tulimjibu kwa wepesi: "Subiri, mwanangu."

Haikupita miezi miwili, mtoto akalazwa kwa kichomi. Hatusemi kuwa moshi peke yake ndio uliomlaza. Lakini jawabu letu lilitusuta. Subira ni ya lile lisiloepukika, na moshi waepukika. Tena makaa yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini.

Tulirudi kwa mumewe, tukazisikiliza hofu zake. Ya bei ilikuwa kweli: makaa hununuliwa kwa mkebe, gesi kwa mtungi mzima. Serikali iliirudishia gesi ushuru wa asilimia 16 mwaka 2021, ikaupunguza hadi 8 mwaka 2022, na kuuondoa mwaka 2023. Siku hizi pia kuna mitungi yenye mita, mtu akalipa kwa simu kidogo kidogo.

Hofu ya moto nayo haikuwa upuuzi. Mlipuko wa Embakasi wa Februari 2024 umeionyesha Nairobi nzima hatari ya gesi inayojazwa kiholela katikati ya makazi.

Nduguye mume, mwenye kibanda cha gesi Kawangware, ndiye aliyetuelimisha. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni, pale walalapo watoto. Harufu yake imetiwa makusudi ili ituonye. Ukiisikia, usiwashe taa wala kiberiti. Funga mtungi, fungua mlango, utoe watoto. Mpira upakwe povu la sabuni. Panapotoka mapovu ndipo panapovuja. Uzito wa mtungi mtupu umechapwa juu yake, basi mwambieni muuzaji aweke mizani. Naye anayepunguza, aisome Suratul Mutaffifin.

Mtume (S.A.W.) ametuusia tusiache moto ukiwaka majumbani tulalapo. Kuufunga mtungi kabla ya kulala ni katika kuufuata wasia huo.

Enyi waume, meko ni sehemu ya nafaqa. Nasi mashekhe, tusiwe wepesi wa kuwausia wanawake subira ilhali dawa i mikononi mwetu. Mtoto yule alipona, alhamdulillahi, na mama yake leo apikia gesi. Sisi tulimwomba radhi.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu. Amin.