Kadi za Mjomba

Mara ya kwanza mjomba wangu alipelekwa hospitali akiwa amefungwa kamba ya usumba. Ilikuwa 1986, Mombasa, nami nina miaka tisa. Siku nne alikuwa hali wala halali, akisema chakula chetu kimetiwa kitu. Alikwisha kufukizwa ubani na kusomewa, bila nafuu. Usiku wa tano akasimama mlangoni kwa jirani na mkasi wake wa kazi mkononi. Vijana sita wa mtaa walimkamata wakamlaza kwenye mkokoteni. Nakumbuka sauti ya mama: "Msimkaze mikono jamani, ndiyo inayomlisha." Mjomba alikuwa mshonaji wa kofia za viua.

Siku zile mtoto mtundu alinyamazishwa kwa kuambiwa atapelekwa Mathari. Hospitali hiyo ya wagonjwa wa akili ilifunguliwa Nairobi mwaka 1910, enzi za mkoloni, na jina lake lilitutisha hata sisi wa pwani ambao hatukuwahi kuliona lango lake. Mjomba hakufika huko. Alilazwa papa hapa kwetu miezi miwili, akarudi mnene, mpole, mikono ikimtetemeka. Akapewa kadi ya kliniki na sindano ya kila mwezi.

Mara ya pili, 1994, kamba haikuhitajika. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 ilikuwa imeanza kutumika: ndugu aliomba, daktari alipendekeza, na mgonjwa aliweza kuwekwa hospitalini bila hiari yake hadi miezi sita, kisha akaongezewa sita mingine. Chifu au mkuu wa kituo cha polisi naye aliruhusiwa kumshika mtu aliyemdhania kuwa ana ugonjwa wa akili na ni hatari au hatunzwi, na kumfikisha hospitali ndani ya saa 24. Mama alitia sahihi. Askari wawili wakaja na pingu. Mjomba hakupigana. Alimtazama mama tu, akasema, "Dada, hata wewe?"

Ya kamba mama aliyasahau mapema, maana waliofunga ni vijana wa mtaa. Ile sahihi ilikuwa yake, na hakuisahau mpaka anaingia kaburini. Mjomba alilazwa tena 2003, kisha 2009, kwa njia ile ile.

Mama alipofariki 2011, kadi za mjomba zikawa zangu. Zilikuwa tatu, zimeunganishwa kwa uzi wa kofia na kufungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Kila mwezi una mstari wake: tarehe, dawa, sahihi ya muuguzi. Usiku mmoja nilikaa nazo nikaandika pembeni tarehe alizolazwa. Ukiacha ile ya kwanza, hakuna hata moja isiyotanguliwa na mistari isiyo na dawa, miwili hapa, mitatu pale. Kwenye baadhi ya mistari muuguzi ameandika "dawa hakuna". Mingine haina neno: hakwenda.

Asubuhi nikamuuliza kwa nini alikuwa haendi. Akanyoosha mikono yake mbele yangu. "Hiyo sindano yenu inaninyima sindano yangu," akasema. "Nikidungwa, uzi hauingii tunduni."

Miaka 25 tulikuwa tukimwita mkaidi. Tulijua nani wa kumwita amkamate, na fomu inajazwaje. Swali lile hakuna aliyekuwa amemuuliza, nami nikiwamo.

Siku ya kliniki nilimwomba amweleze daktari mwenyewe. Daktari, kijana tu, alimpa sindano na uzi palepale, akamtazama anavyohangaika. Akapunguza kipimo cha dawa na kumwongezea vidonge vya kutuliza mtetemo. Mwezi uliofuata mjomba alikuwa na kofia mapajani. Hajalazwa tena tangu hapo.

Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa, ikaandika kwamba mgonjwa ana haki ya kukubali matibabu na ya kushiriki katika kuyapanga. Nilifurahi, kisha nikamkumbuka mama. Laiti angeyasikia maneno hayo kabla ya kushika kalamu.

Sisemi nguvu haina mahali pake. Usiku ule wa mkasi, bila wale vijana sita pengine tungezika mtu. Lakini mara zile nyingine tatu zilikuwa na miezi ya kuzuilika, na miezi hiyo ilipita kwenye dirisha la dawa na kwenye mikono ya mtu tuliyekuwa tukila naye sinia moja. Hata sasa zipo siku tunarudi kutoka kliniki mikono mitupu, nikainunua sindano dukani kwa pesa yangu. Asiye na pesa hiyo atakutana na askari.

Kama una mgonjwa nyumbani, itoe kadi yake leo uisome. Ukikuta mwezi uliorukwa, usikimbilie kwa chifu. Kaa naye, umuulize.