Watu wasio na midomo

Haya wadau, nimerudi chuo, hata mabegi sijafungua. Mazoezi ya kufundisha yameisha salama, ila kuna jambo limenikaa kichwani, ngoja nilitoe kabla vipindi havijaanza.

Tumezoea kuamini kwamba mtu anaanza na wazo, halafu ndiyo anatafuta namna ya kulieleza. Kwenye insha, labda. Kwenye kuchora nimeona kinyume chake.

Kulikuwa na kijana wa kidato cha pili, anakaa nyuma kabisa, kimya kama hayupo. Mwishoni mwa daftari lake la Jiografia kachora stendi ya mabasi: makonda, mama ntilie, abiria na mizigo yao. Wote hawana midomo! Nikamuuliza, "Hii maana yake nini?" Akajibu, "Sijui mwalimu, nilianza na basi tu." Midomo aliiacha kwa sababu nyuso zilikuwa ndogo na peni yake inavujisha wino. Basi. Siku mbili baadaye akanifuata mwenyewe. "Mwalimu, nimeshajua. Pale stendi wote wanapiga kelele, hakuna anayesikilizwa. Na nyumbani ni hivyohivyo." Jamani, wiki zote nilizokuwa pale hakuwahi hata kunyoosha mkono.

Nikamkumbuka Edward Saidi Tingatinga. Alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia vipande vya hadibodi na rangi za baiskeli, vitu vya bei nafuu. Ule mng'ao ambao watalii wanaufuata mpaka leo ulitoka kwenye kopo la rangi ya baiskeli. Kwa huyu wangu, ulitoka kwenye peni mbovu. Ndiyo maana lile swali la "maana yake nini" naona tunaliuliza mapema mno. Afadhali umuulize ameanzia wapi.

Sasa mwalimu mmoja wa pale akalikuta daftari, akalichukua. Eti kuchora hakumo kwenye mtihani. Kumo bwana, NECTA wanatahini uchoraji kidato cha nne, ila shule nyingi hazina mwalimu wake. Nikamwendea kwa adabu, shikamoo zote, nikaomba amrudishie. Akacheka: "Mwanachuo, utazoea."

Hadi naondoka daftari lilikuwa bado limefungiwa kabatini, na noti zote za Jiografia zimo humohumo. Kijana kanunua jingine. Nililisahihisha siku ya mwisho, nikafunua kurasa za nyuma. Tupu.