Kama aliteswa kweli, mbona wamemkatalia?



Neno hili tunalisikia kwenye likelemba, kwenye robine ya maji, hata tukitoka kanisani: “Kama aliteswa kweli, mbona Ulaya wamemkatalia?” Mtoto wa jirani aliomba hifadhi, jibu limekuja hapana, sasa anangoja kupandishwa ndege arudishwe Kinshasa. Na sisi tunamaliza kesi palepale: alidanganya. Wiki hii tuongee juu ya mama mmoja ambaye naye hakusadikiwa.

Ni Mkongo mwenzetu, wa wakati nchi ilipoitwa Zaire. Jina lake limo katika makaratasi ya Umoja wa Mataifa, lakini sisi tutamwita Mama wa Mgahawa, maana ndiyo kazi aliyokuwa nayo Kinshasa. Septemba 1990 chama cha Mobutu, MPR, kilitaka kufanyia mkutano katika mgahawa wake. Alikataa. Yeye alikuwa mtu wa UDPS. Watu wa usalama wakafika kwake nyumbani, wakambaka, kisha wakampeleka gereza la Makala. Akakaa humo karibu mwaka mzima bila kuona hakimu, akipigwa na kubakwa tena na tena. Alitoka kwa sababu dada yake alitoa pesa. Novemba 1991 alifika Uswidi, akaomba hifadhi. Wakamkatalia, akakata rufani, wakamkatalia tena. Walisema habari zake zina mambo yasiyopatana.

Hapo tusimame kidogo, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunapoanguka pamoja na wale wakubwa wa ofisi.

Nani kati yetu anajua tarehe? Sisi wa Goma tunahesabu kwa volkano: mtoto huyu alizaliwa mbele ya volkano, yule baada ya volkano. Na mtu akiuliza volkano gani, ya 2002 au ya 2021, tunaanza kubishana sisi kwa sisi. Hayo ni mambo ambayo mji mzima uliyaona mchana na usiku! Sasa mtu aliyefungiwa mahali pa giza, anayepigwa, hana saa wala kalenda, atasemaje ilikuwa tarehe 12 au 15? Walimu tunalijua hili. Mtoto aliyekimbia vita ukimwambia aandike safari yake, anaanza katikati: anakueleza sufuria ya sombe iliyobaki motoni, halafu kiatu kilichopotea, na baba yake anamtaja mwisho kabisa, au hamtaji. Hatumpi sifuri kwa sababu hiyo.

Na kuna haya. Mama aliyebakwa anawekwa mbele ya mtu asiyemjua, pengine mwanaume, na mkalimani pengine ni mtu wa kwao, anayeweza kupeleka habari hadi kwa wakwe. Siku ya kwanza anasema tu “walinipiga”. Mwaka unaofuata, akipata mtu wa kumwamini, anasema lile lingine. Ofisini wanaandika: amebadilisha maneno. Sisi tunasema: amepata nguvu ya kumaliza.

Mama wa Mgahawa alipeleka malalamiko yake Geneva, kwa Kamati ya Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso. Tarehe 8 Mei 1996 Kamati ilitoa maoni yake. Ilisema kwamba mtu aliyeteswa ni nadra kutazamiwa aeleze kila jambo kwa usahihi kamili, tena zaidi kwake, kwa kuwa ilikwisha kuonyeshwa kwamba ana ule ugonjwa wa roho unaobaki baada ya mateso. Ikaangalia pia habari kwamba Wazaire waliorudishwa, wakijulikana kuwa waliomba hifadhi, walikuwa wakihojiwa uwanja wa ndege wa Kinshasa, na wanaodhaniwa kuwa watu wa siasa wako katika hatari ya kufungwa. Ikaiambia Uswidi isimrudishe kwa nguvu.

Basi mjue tofauti hii, maana inasaidia. Kunyimwa hifadhi ni jambo moja. Kurudishwa mahali utakapoteswa ni jambo lingine, na Mkataba dhidi ya Mateso wa 1984 unalikataza katika kifungu cha 3, bila kuuliza kama mtu ana karatasi ya ukimbizi. Aliyemaliza rufani katika nchi aliko anaweza kuandikia Kamati, kama nchi hiyo imekubali malalamiko ya mtu mmoja mmoja, na Kamati inaweza kuomba ndege isubiri wakati inasoma. Kongo yenyewe iliingia katika Mkataba mwaka 1996, na sheria ya tarehe 9 Julai 2011 imefanya mateso kuwa kosa la jinai hapa kwetu. Sheria ipo. Mwenye kuteswa bado anaogopa kwenda kushtaki, na hatumlaumu.

Sisi tuliobaki nyumbani tuna kazi. Karatasi ya hospitali, kadi ya chama, barua ya padri au pasta aliyeona, vyote hivi tuvitafute, tuvipige picha vizuri, tuvitume mapema, si siku moja mbele ya ndege. Lakini tusinunue konvokasyo ya uongo kwa wale vijana wa mihuri. Ikigunduliwa, inaua kesi yake, na inaharibu karatasi za kweli za wengine watakaofuata.

Na akipiga simu usiku, tusianze na “ulisema nini huko hata wakukatae?” Tumuulize kama amekula, kama analala, kama ana avoka, na kama daktari amekwisha kuyaona na kuyaandika makovu yake.